Kubebwa ni kitu kimoja, kupewa nafasi ni kingine

Najua nimekuwa kimya sana, zamu za usiku zimenibana mpaka basi. Ila mimi mzima, namshukuru Mungu. Leo nimepata siku ya mapumziko, nikasema hapana, lazima niandike, maana mjadala wa wiki iliyopita kwenye grupu la familia umenikaa rohoni.

Kwa wale ambao hawamo kwenye grupu: mtoto wa dada yangu kule Morogoro ana miaka 13 na ana mtindio wa ubongo. Akili yake ni nzima kabisa, akianza kuwapangia kikosi cha Simba mtachoka wenyewe. Shida iko mikononi. Vidole vinachelewa kutii. Jumamosi binamu zake wanamchukua kwenda naye kibanda cha gemu, wanacheza FIFA, yeye anakaa kwenye benchi anahesabu magoli ya wenzake. Mimi niliomba kitu kidogo tu: wamfungulie setingi za kumrahisishia, na yeye acheze. Majibu yakaja mawili. Mdogo wetu mmoja akaandika, "Dada, hapo si atakuwa anabebwa?" Mjomba naye akasema gemu zenyewe ni upuuzi, mtoto anahitaji mazoezi ya viungo.

Naanza na mjomba kwa heshima zote. Shikamoo mjomba. Mazoezi ya viungo anayahitaji, tena yasikatishwe, na mimi kama nesi ndiyo kauli yangu ya kwanza siku zote. Sisemi gemu inatibu. Lakini Jumamosi jioni ni Jumamosi jioni. Hakuna mtu aliyewahi kuwauliza binamu zake kama FIFA inawanyoosha viungo. Wao wanaruhusiwa kucheza kwa sababu ni watoto. Kwa nini huyu mmoja kila anachokishika lazima kiwe dawa?

Sasa hili la kubebwa. Sisi wapenzi wa soka neno hili tunalijua vizuri. Timu inabebwa refa akitoa penalti isiyokuwepo, yaani matokeo yanapinda. Je, mtu akirahisishiwa njia ya kufikisha mawazo yake kwenye skrini, matokeo yamepinda? Mnamkumbuka Edgar Davids, yule Mholanzi wa Juventus mwenye rasta? Mwaka 1999 alifanyiwa upasuaji wa jicho kwa sababu ya glakoma, akarudi uwanjani na miwani maalumu. Alizunguka nayo Ulaya nzima akinyang'anya watu mipira, na sikumbuki mtu aliyesema Davids anabebwa na miwani.

Na wenye shida hizi ni wengi kuliko tunavyofikiri. Kuna watu, zaidi wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 8 katika kila 100. Kwetu ni wachache zaidi, lakini wapo. Hebu fikirieni mtu huyo anaangalia Simba na Yanga! Mwaka 2018 Kombe la Dunia lilifunguliwa kule Moscow, Urusi wamevaa nyekundu na Saudi Arabia kijani, na watu wa aina hiyo wakalalamika kwamba hawajui nani ni nani. Ndiyo maana gemu za mpira siku hizi zina setingi ya kubadilisha rangi. Huyo anayeibadilisha hajaongezewa goli hata moja. Ameonyeshwa tu timu yake iko wapi.

Upande wa magari ndiko kulikonishangaza zaidi. Oktoba 2023 ilitoka gemu ya mbio za magari inaitwa Forza Motorsport, na asiyeona kabisa anaweza kuiendesha. Gemu inamwongoza kwa sauti. Akikaribia ukingo wa barabara anasikia, kona ikija anasikia inakwenda upande gani, na anajulishwa wakati wa kupunguza mwendo. Aliyewashauri watengenezaji ni Brandon Cole, Mmarekani ambaye mwenyewe alikuwa haoni. Alifariki Machi 2024, Mungu amrehemu, lakini kazi yake imebaki. Gari halijiendeshi peke yake pale. Usipokuwa makini na sauti unaingia ukutani kama dereva mwingine yeyote.

Hapa Bredäng, kwa wageni wa ukurasa huu, ni kusini magharibi mwa Stockholm. Ni mtaa wa maghorofa ya miaka ya 1960, treni ya chini ya ardhi ilifika hapa mwaka 1965, na kwenye ngazi za jengo letu utasikia Kisomali, Kiarabu na Kihispania kabla hujasikia Kiswidi. Kijana wa jirani yangu ana ugonjwa wa misuli. Anacheza na wenzake kwa kifaa cha batani kubwa alichowekewa mezani, na wenzake hawana habari nacho, wanagombana naye kuhusu ofsaidi kama kawaida. Tena anafungwa mabao ya kutosha! Kilichonifurahisha ni hicho, kwamba anafungwa, halafu anadai mechi ya marudiano.

Najua mtauliza, basi si utume hicho kifaa? Nimekiangalia. Cha PlayStation kinaitwa Access, kilianza kuuzwa Desemba 2023, na kinafanya kazi kwenye PS5 tu. Kile cha Xbox kilitoka 2018 kwa karibu dola 100, na kinataka Xbox au kompyuta. Kibanda cha kule mtaani kina PS4. Nikituma mzigo huo utaishia kwenye kabati la mama, pembeni ya vile vikombe vya wageni.

Ndugu zangu, habari njema ni kwamba vingi vya kumsaidia vimo tayari ndani ya mashine ya kibandani, na ni bure. PS4 imekuwa na sehemu iliyoandikwa Accessibility tangu 2015. Humo unaweza kuhamisha kazi ya batani moja kwenda nyingine na kukuza kilichopo kwenye skrini. Ndani ya FIFA yenyewe kila mchezaji anachagua mfumo wake wa pedi, na upo wa batani mbili, moja ya pasi na moja ya kupiga. Halafu kuna kasi ya mchezo, mnaiweka ya polepole, na hiyo inawapunguza wote wawili sawasawa. Pedi iwekwe mezani badala ya kushikwa hewani, basi. Hayo yote hayachukui dakika 5, na mkimaliza mnarudisha kama ilivyokuwa ili mwenye kibanda asigombe.

Nitakuwa mkweli. Kwenye batani mbili mashine inamwamulia aina ya pasi, kwa hiyo huo ni msaada wa kweli. Lakini pia anapoteza zile chenga zenu za mbwembwe. Kuona nafasi, kujua lini apige na lini atulie, hiyo bado ni kazi ya kichwa chake. Na kama ni mashindano ya kuwekeana hela, kaeni chini mkubaliane sheria kabla, kama mnavyokubaliana hakuna kuchukua Real Madrid.

Nyumbani tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na tunaidai kwa shule na hospitali, na ni haki yetu kudai. Ila hakuna askari atakayekuja kibandani kuwaambia binamu wamkabidhi ndugu yao pedi. Hilo ni letu sisi. Nami naona mtoto anayezoea kuhesabu magoli ya wenzake akiwa na miaka 13, akifika 30 atakuwa amezoea kukaa benchi kwenye mambo makubwa zaidi, na sisi tutakuwa tumezoea kumwona pale.

Kwa hiyo wadogo zangu wa Morogoro, Jumamosi hii nataka picha. Simtaki akiwa amekaa tu anatabasamu kwenye kamera, nataka pedi iwe mbele yake na matokeo yaonekane kwenye skrini. Akifungwa 6 bila, mniambie 6 bila. Mechi zake tatu nalipia mimi, hela nimeshamtumia dada kwa simu.

Wengine mnasemaje? Mjomba, nasubiri jibu lako, najua halitachelewa. Ngoja nikalale kidogo, usiku naingia zamu. Wasalimieni wote, bibi mumwambie nakula vizuri.

Wenu,
kutoka hapa Bredäng kwenye baridi.