Kamera Imwangalie Anayetazama

Filamu ya majaribio ni filamu isiyojifunga na kanuni za hadithi ya kawaida. Si lazima iwe na shujaa, adui na mwisho mwema. Inaweza kurudia tendo moja mara nyingi, kutenganisha sauti na picha, au kukaa juu ya uso wa mtu hadi mwenye kutazama aone haya. Ni aina inayowafaa wanafunzi kuliko zote, kwa kuwa hula fedha kidogo na fikra nyingi. Mwaka 1943 Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walipiga filamu ya *Meshes of the Afternoon* nyumbani kwao Los Angeles, kwa kamera ndogo na bila studio yoyote, na hadi leo vyuo vya filamu duniani havijaacha kuifundisha. Mwenye nia hakosi njia.

Mojawapo ya mada zinazowavutia wanafunzi wa filamu ni jinsi jamii inavyomtazama mwanamke. Mahali pa kuifanyia kazi mada hiyo si haba, na Westville, huko Afrika Kusini, ni mojawapo. Kitongoji hicho cha vilima, magharibi ya Durban kando ya barabara kuu ya N3, kina kampasi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Kampasi hiyo ilianza kama chuo cha Wahindi, kilichofunguliwa mwaka 1961 katika kisiwa cha Salisbury bandarini, kikahamia Westville mwaka 1972, kisha kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Natal mwaka 2004. Leo Wazulu, Wahindi na Wazungu hukutana hapo, na kila kundi limekuja na macho yake juu ya mwanamke. Durban yenyewe ina tamasha la kimataifa la filamu tangu mwaka 1979. Kijana aliyepata bahati ya kusoma mahali kama hapo hana cha kulalamikia.

Linaloudhi ni kwamba mada njema hivyo huharibiwa kwa namna ileile kila mara. Mada inasema jamii inamtazamaje mwanamke. Kamera inaondoka hapo hapo kwenda kumtazama mwanamke. Kinaonekana kioo kilichopasuka. Unaonekana mdomo uliopakwa rangi nyekundu kisha ukavurugwa kwa kiganja. Yanaonekana machozi, bega lililo wazi, mgongo ulio wazi, na sauti zisizo na wenyewe zinanong'ona matusi gizani. Baada ya dakika sita filamu inakwisha na wenzake mwongozaji darasani wanapiga makofi. Na jamii iko wapi? Haikuonekana hata kwa ukucha. Kesi imesikilizwa na hukumu imetolewa bila mshitakiwa kuitwa mahakamani, na aliyesimamishwa kizimbani ni yule yule aliyedhulumiwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwamba mwanamke huheshimiwa kwa maneno na kudharauliwa kwa matendo si jambo la kuthibitishwa. Hakuna msikiti, kanisa wala hekalu la Durban lisilofundisha kumheshimu mama, na kila mwana wa pwani amekua akisikia kwamba pepo i chini ya nyayo zake. Lakini mtoto huyo huyo hukua akisikia pia kwamba mke ni nguo, mgomba kupalilia, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wala haulizi baba alikuwa wapi wakati wa mafunzo. Kazi ya filamu ni kuwaonyesha wenye vinywa hivyo viwili.

Historia ya Afrika Kusini yenyewe imekwisha kuonya juu ya kutazama. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio ili waukodolee macho mwili wake. Alifariki Paris mwaka 1815, na kifo hakikumwokoa: wataalamu waliupasua mwili wake, na mifupa yake ikabaki katika jumba la makumbusho la Ufaransa hadi mwaka 2002. Alirudishwa kwao na kuzikwa huko Hankey tarehe 9 Agosti 2002, Siku ya Wanawake ya Afrika Kusini. Basi kijana anayemvua nguo mwigizaji mbele ya kamera ili kulaani dhuluma aliyotendewa Baartman anaiendeleza dhuluma hiyo kwa lenzi mpya. Picha inayostahili kutengenezwa ni ya wale waliotoa kiingilio: nyuso zao, kofia zao, na vicheko vyao walipokuwa wakisukumana wapate kuona vizuri.

Mambo hayo si ya zamani tu. Mwaka 2007 huko Umlazi, kusini ya Durban, mwanamke alivuliwa nguo hadharani kwa kosa la kuvaa suruali. Mwaka 2008 msichana aliyevaa sketi fupi alishambuliwa katika kituo cha teksi za abiria mjini Johannesburg. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye kituo cha matatu, huku simu zikipiga picha na picha zikisambazwa mji mzima. Hapo ndipo penye somo kubwa kwa mwanafunzi wa filamu: kamera ilikuwa miongoni mwa washambuliaji. Chombo anachokishika kina hatia ya zamani, na asipokiongoza kitamwongoza. Mwaka 1975 Mwingereza Laura Mulvey aliandika makala akieleza kwamba sinema ya kawaida humweka mwanamke mahali pa kutazamwa na mwanamume mahali pa kutazama. Makala hiyo hunukuliwa katika karatasi za mitihani, halafu kamera ikiwashwa husahauliwa.

Sheria nazo zina namna yao ya kutazama, na utajiri huo wanafunzi wa Natal hupita juu yake kila siku. Kanuni ya Natal ya mwaka 1891 ilimhesabu mwanamke Mwafrika kuwa mtoto mbele ya sheria maisha yake yote, chini ya baba, mume au mwanawe. Machi 1913 Jaji Searle wa Mahakama Kuu ya Cape alitoa hukumu iliyozinyima ndoa za Kihindu na Kiislamu kutambuliwa na sheria. Waliolala wake za watu wakaamka, machoni pa serikali, si wake tena. Wanawake hao hawakukaa kitako kulia: waliingia katika upinzani ulioongozwa na Gandhi, na baadhi yao wakaenda hadi Newcastle kuwahimiza wachimba makaa kugoma. Juni 1959, huko Cato Manor, jirani kabisa na Westville, wanawake walivamia vilabu vya bia vya manispaa, kwa sababu polisi walikuwa wakimwaga pombe waliyoipika wao huku manispaa ikiwauzia waume zao ya kwake. Na tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikuwa wameandamana hadi Pretoria kupinga kulazimishwa kubeba pasi za ubaguzi wa rangi. Mwenye mikasa kama hiyo mlangoni pake kisha akachagua kioo kilichopasuka ana njaa gani ya fikra?

Kazi yenyewe ina hatua zake, na ya kwanza ni swali. Swali pana huzaa filamu tupu. "Jamii inamwonaje mwanamke" ni kichwa cha mhadhara; "mlinzi wa lango humwuliza msichana nini asichomwuliza mvulana" ni filamu. Vijana wengi hukimbilia jina la majaribio ili kukwepa taabu ya kulifikiri swali, na anayeuliza maana huambiwa kwamba hajaelewa sanaa. Debe tupu haliachi kuvuma. Jaribio lisilo na swali ni mchezo.

Hatua ya pili ni kukusanya. Kuuliza si ujinga. Mwanafunzi aende kwa mama auzaye mboga, kwa dereva wa teksi, kwa mchungaji, kwa bibi wa Kihindi anayekumbuka siku za ubaguzi, na kwa wavulana wa darasa lake, awaulize wote swali moja na ayaandike majibu kama yalivyotamkwa. Mkusanyaji akiwa mwanamume, adabu hii humlazimu zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno ya kubuni ya mtu ambaye hajawahi kuogopa kurudi bweni usiku hujulikana upesi.

Hatua ya tatu ni ridhaa. Anayepigwa picha aelezwe filamu ni ya nini, itaonyeshwa wapi, na kwamba anaweza kukataa hata baada ya kupigwa. Mwigizaji asiombwe jambo ambalo mwongozaji asingependa dada yake aombwe. Hapo pia utafutwe ukweli juu ya kikosi chenyewe, kwani nyani haoni kundule. Ni jambo la kawaida kuona filamu ya kumtetea mwanamke ambayo kamera imeshikwa na mvulana, maikrofoni imeshikwa na mvulana, na wasichana wamepewa mavazi, vipodozi na kununua chakula. Chantal Akerman, Mbelgiji aliyetengeneza *Jeanne Dielman* mwaka 1975 akiwa na umri wa kama miaka 25, alimkabidhi kamera Babette Mangolte na kujaza kikosi chake wanawake.

Hatua ya nne ni picha. Filamu hiyo ya Akerman, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, inamfuata mjane wa Brussels akimenya viazi, akiosha vyombo na kutandika kitanda, na kamera imetulia mahali pamoja bila kumkaribia. Utulivu huo ni heshima. Afrika Mashariki ina mfano wake, na ni aibu kwamba wengi hawaujui: mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa *These Hands*, filamu ya wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo huko Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayeeleza wala anayewahurumia. Ipo mikono, yapo mawe, zipo nyimbo na watoto, na mtazamaji anaachwa peke yake na kazi hiyo hadi aone haya kwa kila nyumba ya kokoto aliyowahi kuisifu. Dada huyo anastahili kila sifa. Funzo lake ni kwamba mwanamke akionyeshwa, na aonyeshwe akitenda. Na jamii ikionyeshwa, ionyeshwe ikitazama. Kamera iwekwe mahali anaposimama mwanamke, igeuzwe nje, iwapige wale wanaogeuza shingo, wanaopiga mluzi na wanaojifanya hawakuona. Wavulana wa darasa waigize nafasi hizo wenyewe. Watajifunza mengi kuliko katika mihadhara.

Hatua ya tano ni sauti na uhariri. Maneno yaliyokusanywa hupata nguvu yanapowekwa juu ya picha isiyoyatarajia: sifa za harusini juu ya mikono inayosugua sakafu, au kifungu cha kanuni ya 1891 kikisomwa juu ya foleni ya wasichana wanaojiandikisha chuoni. Muziki wa huzuni uachwe. Muziki wa huzuni humfundisha mtazamaji kulia, na aliyekwisha kulia huenda nyumbani akidhani amelipa deni.

Na palipo na sauti hapana budi liguswe jambo jingine, maana halivumiliki. Kwa nini filamu hizi zote zinanong'ona Kiingereza? Matusi anayotupiwa msichana wa Durban stendi hayaji kwa Kiingereza cha mashairi; huja kwa Kizulu, na nyumbani pengine kwa Kitamil au Kigujarati. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilianza mwaka 2014 kuwataka wanafunzi wapya wasome Kizulu, na Afrika Kusini imekiruhusu hata Kiswahili kifundishwe shuleni kama somo la hiari. Milango ya lugha iko wazi, na vijana wamekaa kizingitini. Wa Nairobi na Dar es Salaam wasicheke, kwani nao hutunga mazungumzo ya shangazi wa Tandale kwa Kiingereza cha wasomi, wakitumaini tamasha la Ulaya. Mwacha asili ni mtumwa, na mcheza kwao hutunzwa. Tafsiri iandikwe chini ya picha, kwa ajili ya wageni. Mwenye nyumba asikie sauti yake.

Hatua ya mwisho ni maonyesho. Filamu inayoonyeshwa kwa wanafunzi wa filamu peke yao imepeleka maji kisimani. Walioulizwa waalikwe wote: mama wa mboga, dereva, mchungaji, bibi, mlinzi wa lango. Wanaume wakae mbele. Baada ya maonyesho, wanawake waanze kusema na mwongozaji asikilize bila kujitetea. Na swali la kwanza kwa wanaume lisiwe kama filamu imewapendeza, bali ni nani kati ya wale waliomo ndani yake wamemtambua. Wenye kujitambua wakiwa wengi, filamu imefanya kazi yake. Wakisema wote kwamba hawamjui hata mmoja, mwanafunzi achukue kamera arudi stendi, kwa sababu bado hajaipiga picha jamii.