Likizo ya Singapore kwa Mfuko wa Mfanyakazi

Ndugu msomaji, likizo ya familia ina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya fedha zinazotumika siku za mapumziko. Ya pili hubisha hodi mwezi unaofuata, wakati karo inadaiwa na mwenye nyumba anasubiri kodi yake. Wazazi wengi huishughulikia ya kwanza tu, na ndiyo sababu furaha ya juma moja hugeuka kuwa ugomvi wa miezi sita. Jumapili hii tuutazame mji wa Singapore, huko Kusini-Mashariki ya Asia, unaosifika kwa ughali, tuone jinsi familia inayoishi kwa mshahara inavyoweza kupumzika humo bila kurudi na madeni.

Tuanze na palipo pagumu. Malazi ni ghali, na hapana njia ya mkato. Sheria ya huko hairuhusu nyumba binafsi za kuishi kupangishwa kwa muda unaopungua miezi 3, wala fleti za serikali kwa muda unaopungua miezi 6. Mgeni wa siku tano, basi, hana budi kutafuta hoteli ndogo au nyumba ya wageni yenye chumba cha vitanda vingi. Nauli ya ndege na kitanda ndivyo vitakavyomeza sehemu kubwa ya akiba. Vilipiwe mapema, na kilichobaki ndicho kigawanywe kwa siku.

Baada ya hapo mji hubadilika sura kwa yule anayefuata nyayo za wenyeji. Katika miaka ya 1960 wachuuzi wa vyakula walijaa kandokando ya barabara, bila maji safi. Serikali iliwaandikisha, na kati ya mwaka 1971 na 1986 ikawajengea majengo yenye paa, maji ya bomba na mifereji ya maji machafu, mengi yakiwa karibu na fleti za wafanyakazi. Leo majengo hayo yanazidi 100, na mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wake katika orodha ya urithi wa binadamu. Humo sahani ya wali kwa kuku hupatikana kwa dola 4 hadi 6 za Singapore. Biriani iko Tekka, vyakula vya Kimalay viko Geylang Serai, na vibanda vya Waislamu huonyesha cheti cha halali. Familia ya watu watano hushiba kwa dola zipatazo 30. Wakiingia mikahawa mikubwa, bei hupanda, kisha mara nyingi huongezwa asilimia 10 ya huduma na asilimia 9 ya kodi.

Humo pia karani, mfagizi na meneja huketi meza moja. Mtoto wa mfanyakazi hajioni mnyonge kwa kula pale, kwa kuwa kila mtu anakula pale. Ukiona pakiti ya karatasi za kupangusia mikono juu ya meza, ujue nafasi hiyo ina mwenyewe aliyekwenda kununua chakula. Ukimaliza, rudisha sinia na vyombo mahali pake. Tangu mwaka 2021 asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini. Wala tusisahau kwamba unafuu huo una mbebaji wake. Wengi wa wapishi hao wana umri mkubwa, huamka alfajiri na kusimama mbele ya moto mchana kutwa, na vijana wa kuwarithi ni wachache. Basi bei yao isigombewe.

Kwa usafiri, treni za mjini, zilizoanza mwaka 1987, pamoja na mabasi hufika karibu kila pembe, na nauli hutegemea umbali. Lakini waonye watoto: kula au kunywa ndani ya treni kuna faini inayoweza kufika dola 500. Biskuti moja yaweza kuwa ghali kuliko chakula cha siku nyingi! Doriani, tunda ambalo ndugu zetu wa Unguja wanalijua kwa harufu yake, nalo haliruhusiwi kupandishwa. Maji ya bomba yanafaa kunywewa, kwa hiyo kila mtoto abebe chupa yake.

Na mapumziko yenyewe? Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1859, huwa wazi tangu saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku, bila kiingilio isipokuwa katika sehemu ya maua ya okidi. Ufukweni katikati ya mji kuna bustani ya miti ya chuma yenye kimo cha mita 25 hadi 50. Usiku huwashwa taa zinazocheza kwa muziki, na kutazama ni bure. Kutoka Changi mashua ndogo huvuka kwenda kisiwa cha Ubin zikishapata abiria 12, nako watoto huendesha baiskeli za kukodi kati ya miti. Chukueni miavuli: pepo za kaskazi, ambazo kwetu huja na jua kali, kule huleta mvua nyingi kati ya Novemba na Januari.

Ushauri wangu ni huu, ndugu msomaji. Kabla ya safari, wazazi waketi na watoto, wawaambie fungu la kila siku ni kiasi gani, na mtoto mkubwa apewe daftari la kuandika matumizi. Kila mmoja achague jambo moja tu la kulipia kiingilio. Mtoto anayeijua hesabu haombi kila anachokiona, na mzazi aliyeisema wazi halazimiki kudanganya wala kufoka mbele ya dirisha la tiketi. Hata kama safari yenu ni ya Bagamoyo na si ya Singapore, daftari ni lile lile.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.