Barua Zenu na Majibu Yangu: Safari ya Mtumbwi Katika Pori la Maziwa

Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja akaaye karibu na Kisumu. Asema ya kuwa mwanawe wa pili anasoma chuo katika jimbo la Minnesota, nchi ya Marekani, na wenzake wa chuoni wamemwalika kwenda safari ya mitumbwi mwezi wa Juni, siku sita, katika pori lisilo na barabara wala duka. Kijana huyo hajui kuogelea vizuri. "Mimi nimezaliwa kando ya ziwa," aandika mama huyu, "na ziwa lilikwisha kunichukulia ndugu yangu. Je, nimkataze? Na tena, watu wenye vitanda vizuri hutafuta nini hata walipe fedha ili kulala chini na kuumwa na mbu?"

Swali la kwanza ni la mzazi, nalo ndilo kubwa. La pili ni la kila mtu mwenye akili zake, nami niliwahi kujiuliza lilo hilo nikiwa nimesimama ndani ya tope, mtumbwi kichwani. Maana pori hilo nalijua kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na rafiki, tukaenda watu sita na kiongozi mmoja, siku tano, mwanzo wa mwezi wa Juni. Kwa hiyo, Mama, sikujibu kwa maneno ya kusikia.

Mahali penyewe huitwa Boundary Waters, kwa kuwa maji yake yako mpakani, kusini Minnesota na kaskazini Kanada. Upande wa Marekani tu ni zaidi ya ekari milioni moja, na maziwa yake hupita 1,000, mengine madogo kama bwawa la ng'ombe, mengine huwezi kuyamaliza kwa kutwa. Ng'ambo ya mpaka liko pori jingine la namna hiyo hiyo, liitwalo Quetico. Zamani sana barafu kubwa ilipita juu ya nchi ile, ikakwangua udongo wote na kuchimba mwamba. Barafu ilipoyeyuka, kila shimo likawa ziwa. Ndiyo sababu hakuna mashamba huko. Ni mawe, misonobari na maji.

Mtu huanzia mji mdogo wa Ely, akaenda kwa motokaa hata mwisho wa barabara, na hapo husukuma mtumbwi majini. Sisi tulianzia ziwa la Moose, tukapita Newfound na Sucker, kisha tukafuata mpaka hata ziwa la Knife. Katika maziwa machache mtambo mdogo wa mashua waruhusiwa, lakini sehemu iliyo kubwa ni kafi na mikono. Hata ndege za angani zilikatazwa kupita chini juu ya pori hilo kwa amri ya Rais Truman ya mwaka 1949. Siku ya pili utaona jambo la ajabu: masikio yako yanaanza kusikia. Kuna ndege wa majini aitwaye loon, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye hulia usiku mfano wa mtu anayecheka peke yake. Usiku wa kwanza niliketi ndani ya hema nikashika panga. Wenzangu walinikumbusha habari hiyo hata siku ya mwisho.

Lakini safari hiyo si ya kuketi mtumbwini tu. Ziwa likiisha, lazima mtoke majini, mwende kwa miguu hata ziwa jingine, nanyi mmebeba kila kitu: mahema, chakula, vyungu, na mitumbwi yenyewe. Mtumbwi hupinduliwa, ukawekwa mabegani kwa nira ya mti iliyofungwa katikati yake, na mbebaji huona miguu yake tu na kipande cha njia. Njia hizo hupimwa kwa kipimo cha zamani kiitwacho rod, ambacho ni futi 16 na nusu, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja. Rod 320 ni maili moja. Mitumbwi ya siku hizi hufumwa kwa nyuzi za Kevlar, nayo haipiti sana ratili 40. Ile ya aluminiamu, ambayo kiwanda cha Grumman kilichokuwa kikiunda ndege za vita kilianza kuitengeneza baada ya vita kuisha mwaka 1945, yakaribia ratili 75. Sisi tulikuwa na mmoja wa kila namna. Nani alipewa wa aluminiamu sina haja ya kusema.

Nilipokuwa nikinung'unika, kiongozi alinieleza habari za wapagazi wa zamani wa njia ile. Katika karne ya 18 makampuni ya biashara yalileta ngozi za mnyama aitwaye biva kutoka barani, zipelekwe Ulaya kufanyiwa kofia. Wapiga makafi wao walikuwa Wafaransa wa Kanada. Kila mmoja alipaswa kubeba mizigo miwili kwa mara moja, na kila mzigo ulikuwa ratili 90. Sisi tunaokumbuka habari za misafara ya Bagamoyo na Tabora twajua ya kuwa mpagazi alibeba frasila mbili hivi, naye alisifiwa kuwa mwanamume. Wale walibeba frasila tano. Njia yao ndefu, Grand Portage, ambayo huyaepuka maporomoko ya mto Pigeon, ni maili nane na nusu. Lakini wao walibeba mara kwa mara mwendo mfupi na kupumzika, na wa Unyamwezi walikwenda mamia ya maili. Sitaki wasomaji wa bara waniandikie barua za hasira.

Wala hao Wafaransa hawakuuvumbua mtumbwi. Wenye nchi ni Waojibwe, nao ndio waliojua kuambua gome la mti uitwao birch, kulishona kwa mizizi, kulitia mbavu za mwerezi na kuziba nyufa kwa utomvu. Mtumbwi wetu wa kuchongwa kwa gogo ni imara, lakini nani ataubeba maili moja? Chombo chao kilitengenezwa kwa ajili ya nchi yao. Kwa mkataba wa mwaka 1854 walitoa ardhi hiyo kwa Serikali ya Marekani, wakajibakizia haki ya kuwinda na kuvua. Yafaa mgeni alijue jambo hilo, maana vitabu vingi vya wasafiri husema kwamba pori hilo halijaguswa na mtu, na hali juu ya mwamba mmoja wa ziwa la North Hegman ziko picha walizozichora watu wa kale kwa rangi nyekundu.

Hata Wazungu waliokaa humo baadaye waliondolewa. Sheria ya mapori ya mwaka 1964, na nyingine ya mwaka 1978 iliyohusu Boundary Waters peke yake, zilikusudia pori lisiwe na makao ya watu, na hoteli na nyumba za humo zikanunuliwa zikavunjwa. Watu wa Ely waligawanyika kwa jambo hilo hata marafiki wakaacha kusalimiana. Tulipofika ziwa la Knife kiongozi alituonyesha visiwa alipokaa Dorothy Molter, muuguzi aliyetoka Chicago miaka ya 1930. Alitibu wasafiri waliojikata kwa shoka au kuchomwa na ndoana, akawauzia kinywaji alichokipika mwenyewe. Serikali ilitaka aondoke; watu wengi wakamtetea, naye akaachwa hata alipokufa mwaka 1986. Nyumba zake zilihamishiwa mjini, zikawa makumbusho. Mimi naiona sheria ile kuwa njema, maana bila hiyo pangekuwa na mahoteli kila ufuko. Lakini siwezi kuwacheka waliolia. Na mabishano hayajawaisha: Ely ulikuwa mji wa machimbo ya chuma hata shimo la mwisho lilipofungwa mwaka 1967, na baadaye makampuni yalitaka kuchimba shaba karibu na mito iingiayo porini. Mwaka 2023 Serikali ilizifunga ekari zaidi ya 225,000 zisichimbwe kwa miaka 20, na maneno hayakukoma kwa hayo.

Sasa nije kwenye hofu yako, Mama.

Siku yetu ya tatu tuliamka katika ziwa la Knife, na upepo wa magharibi ulikuwa umeinuka. Ziwa hilo ni refu, na mawimbi yalikuwa na vichwa vyeupe. Kiongozi alikunywa chai yake, akatazama maji kitambo, akasema, "Leo hatuendi." Mmoja wetu, ambaye alikuwa na tiketi ya ndege ya siku ya sita, alikasirika sana, akasema kwamba amelipa fedha apelekwe, si kuketishwa. Nami, nakiri, niliona ana haki. Kiongozi akamjibu pasipo kuinua sauti, "Ndiyo, Bwana, na hii ndiyo kazi uliyonilipia." Akaenda kuosha vikombe.

Yapata saa nane mchana tuliona mitumbwi miwili ya vijana wasio na kiongozi ikipita mbele ya kambi yetu. Wa pili ulipigwa na wimbi ubavuni, ukapinduka, hatua kama 40 kutoka mwambani. Vijana wote wawili walijua kuogelea. Tena walikuwa na majaketi ya kuelea, ila mmoja alikuwa amelifunga jaketi lake juu ya mzigo. Tuliwatoa kwa kamba, na yule asiyevaa hakuweza kufungua vifungo vya shati lake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekufa. Hakukaa majini hata dakika kumi. Barafu ya maziwa hayo huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei, na mwezi wa Juni maji bado ni ya baridi mno. Baridi hiyo hukata pumzi kwanza, kisha nguvu ya mikono, na hapo kujua kuogelea si kitu. Aliyekasirika asubuhi ndiye aliyewavua nguo zao na kuwatia ndani ya blanketi lake, wala hakutaja ndege tena.

Wengine hawakupata watu wa kuwavuta. Tarehe 18 Mei 2024 mitumbwi miwili ilivutwa na maji katika maporomoko ya Curtain, karibu na ziwa la Iron, na watu wawili wakafa. Moto nao wapo: mwaka 2011 radi iliwasha moto katika kijito cha Pagami, ukakaa majuma matatu kama wa kupikia, kisha tarehe 12 Septemba ukakimbia maili 16 kwa siku moja. Zaidi ya ekari 92,000 ziliungua. Dubu ni shida ya chakula kuliko shida ya roho. Weka chakula ndani ya chombo kigumu au kitundike juu, naye atakwenda zake.

Mama, mimi singemkataza. Ningemwuliza maneno manne. Je, wana kibali cha Serikali? Maana bila hicho hawaingii, na kundi halipiti watu tisa. Je, kiongozi wao amefanya kazi hiyo miaka mingapi, na katika maziwa hayo hayo? Je, siku sita hizo zina siku moja ya bure, ya kungoja upepo? Kundi lisilo na siku ya kungoja ndilo livukalo ziwa kwa ukaidi. Na je, watapeleka habari kwa njia gani, maana simu ya mfukoni haisikii huko; viko vyombo vidogo vya satelaiti, na viongozi wazuri huvichukua. Akijibu vema, aende, lakini jaketi alivae tangu anapoingia mtumbwini hata anapotoka, ziwa likiwa kimya kama kioo. Naye akajifunze kuogelea kabla ya Juni. Vyuo vingi huko vina bwawa.

Swali lako la pili sikulijibu. Nikumbukapo safari ile, siikumbuki njaa wala mbu, ingawa vyote vilikuwapo kwa wingi. Naikumbuka ile siku tuliyoketi tukingoja upepo, watu saba na kisha tisa, vijana wale wamekaushwa, tukikaanga samaki juu ya chuma cha moto, na hakuna aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda. Kijana wako akirudi, mwambie aniandikie kama alimsikia yule ndege.