Mita mbili zisizo na mwenyewe

KUTOKA RUNGWE
Na Tusajigwe Mwakalobo

Umeme unaofika Lufingo una wenyewe karibu njia nzima. Nguzo na nyaya zake, mpaka kwenye mita ya LUKU, ni mali ya TANESCO. Kutoka kwenye mita hadi soketi ya ukutani ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Ukishatoka kwenye soketi, hakuna tena wa kuulizwa. Ule waya wa mita mbili hivi unaopita nyuma ya kochi na kupanda hadi kwenye taa ya mezani hauna mkaguzi wala fomu. Nao ndio unaokanyagwa, unaovutwa na watoto, unaotafunwa na panya na kulowa kila deki inapopigwa.

Sidharau kazi iliyofanyika. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na leo mtu wa kijijini anaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Nyumba ya chumba kimoja au viwili isiyosukwa nyaya inaweza kufungiwa kile kiboksi cha UMETA, Umeme Tayari, na usiku huohuo familia ikala chakula kwenye mwanga. Ni jambo la kushukuru, ndaga fijo. Lakini tumehesabu nguzo na kuhesabu vijiji, kisha tukamwacha mwenye nyumba peke yake na waya wa taa yake. Ninachokisema wiki hii ni kwamba kila nyumba ya Lufingo yenye umeme iwe na mtu mmoja, mama, baba au kijana, anayejua kubadili waya wa taa kwa usahihi, na anayejua mahali pa kuishia.

Taa kuukuu hazikosekani huku kwetu. Walimu, wauguzi na watumishi waliostaafu wamerudi Rungwe na vyombo vyao kutoka kila kona ya nchi, na taa ya shaba nyeupe au ya udongo wa kuchoma imo ndani ya vyombo hivyo. Nyingine zimenunuliwa mnadani, mitumba kutoka Ulaya. Na wapo wanaochukua karabai ya babu, wakaitoa tangi na kuitia balbu ili ipendeze sebuleni. Taa za namna hii hazistahili kutupwa. Umbo lake ni zima, shaba yake ni nzito kuliko ya taa nyingi mpya zilizopo madukani. Kilichokufa ni waya tu.

Waya wa zamani ulivikwa mpira, na juu ya mpira ukazungushiwa kitambaa. Kitambaa kinaweza kuonekana kizuri miaka sitini baadaye, lakini mpira uliomo ndani umekauka na kuwa chengachenga. Ukiukunja, unapukutika, na nyuzi za shaba zinabaki uchi ndani ya kitambaa safi. Ndiyo maana kuupamba kwa tepu nyeusi hakusaidii kitu: umeziba sehemu unayoiona, ukaacha kumi usizoziona. Waya wa namna hiyo hautibiwi. Unatolewa wote, kutoka kwenye plagi hadi kwenye holda, na kuingizwa mpya.

Kuna mama mmoja wa Lufingo aliyenionyesha taa yake ya shaba, akaniambia kuwa huwa inamtekenya kidogo.

"Tangu lini, mama?"

"Muda tu, mwanangu. Si sana. Ni nikiishika nikiwa pekupeku."

Maneno yake yanaeleza hatari yote. Waya wa moto ulikuwa unagusa mwili wa taa, na umeme ulikuwa unatafuta njia ya kwenda ardhini. Akivaa kandambili njia inaziba, akizivua njia ni yeye. Na ardhi yetu si ya kuchezea. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, sakafu zetu za saruji zinatoa jasho miezi mingi, na udongo wenye unyevu hupokea umeme vizuri sana. Hesabu si ngumu. Mtu mwenye ngozi iliyolowa anaweza kubaki na ukinzani wa omu 1,000 hivi, pengine chini ya hapo. Gawanya volti 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23. Breka maalumu za kulinda watu zimetengenezwa zikate umeme kwa ampea 0.03, kwa sababu zaidi ya hapo moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Kutekenywa ni onyo, na taa iliyokwisha kutoa onyo hilo haipaswi kuchomekwa tena hata dakika moja.

Kwa hiyo taa yoyote yenye mwili wa chuma au shaba, karabai iliyogeuzwa ikiwemo, inataka waya wa nyuzi tatu: moto, nyutro na ethi, na ile ethi ifungwe kwa skrubu kwenye mwili wa taa penyewe, pamekwanguliwa rangi na kutu. Ikitokea moto umegusa shaba, umeme utarudi kwa njia ya ethi na kukata fyuzi au breka badala ya kumngoja mwenye pekupeku. Taa ya mbao, ya udongo au ya mianzi isiyo na chuma cha kushika inaweza kutumia nyuzi mbili. Na ethi hiyo ina maana pale tu soketi yenyewe ina ethi ya kweli, iliyoshuka mpaka kwenye kijiti cha shaba kilichopigwa ardhini nje ya nyumba. Kama hujui kama nyumba yako inayo, mwite fundi mwenye leseni aipime kabla hujaigusa taa.

Rangi za waya zimewachanganya wengi, na sioni kosa lao. Kwenye taa za zamani zilizofuata mtindo wa Kiingereza, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Kwenye nyaya za sasa kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Taa ikiwa imetoka Marekani, nyeusi ndiyo moto na nyeupe ndiyo nyutro. Nyeusi ileile, kwenye taa mbili zilizokaa meza moja, inaweza kuwa salama huku na kuua kule. Usifuate rangi ya waya unaoutoa. Fuata mahali ulipofungwa.

Mahali pa kufunga pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye holda ya kuzungusha. Waya wa moto uende kwenye kile kidole cha shaba kilichopo katikati, chini kabisa ya holda, na nyutro iende kwenye ukingo wenye mizunguko. Mtu anapobadili balbu vidole vyake hugusa ukingo, kamwe si kile cha katikati. Swichi ya taa nayo ikate moto, isikate nyutro. Ikikata nyutro, balbu itazimika, utaamini taa imelala, kumbe umeme umesimama palepale kwenye holda. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuchomoa plagi kabla ya kushika bisibisi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, na umeme kukatika hakutoshi, maana utarudi bila kubisha hodi.

Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ni ya kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947, na imefikiriwa vizuri sana. Ule mguu mrefu wa ethi ndio unaofungua vifuniko vya matundu ya moto na nyutro, ili mtoto asiingize msumari. Sasa taa ya mtumba ya Ulaya inakuja na plagi ya miguu miwili ya duara. Katika nyumba nyingi nimeona watu wakichokonoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu, vifuniko vifunguke, kisha wakaisukuma ile plagi ya duara. Umefungua mlango uliowekwa kwa ajili ya mwanao, na miguu ya duara haikai sawasawa humo, inapata joto na kuunguza soketi. Kata plagi hiyo, funga yenye miguu mitatu. Ukiifungua na kuitazama kwa ndani, ethi ikiwa juu, moto ni kulia kwenye fyuzi na nyutro ni kushoto. Uache waya wa ethi mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Na kile kibano cha kushika waya mlangoni mwa plagi kikazwe juu ya ganda la nje, si juu ya nyuzi. Fanya hivyohivyo kwenye tako la taa: tundu la shaba bila mpira wa kuzunguka linakata waya polepole kila taa inaposogezwa.

Nije kwenye fyuzi, kwani hapa ndipo nyumba zinapoungua. Balbu ya zamani ya wati 60 inakula ampea 0.26 tu. Balbu ya LED ya wati 9 haifiki hata ampea 0.05. Plagi nyingi zinauzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, inayofaa birika au pasi. Waya mwembamba wa taa ukipata hitilafu unaweza kuwaka kabla fyuzi hiyo haijastuka. Fyuzi ya taa ni ya ampea 3. Na anayeweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ameuondolea waya wa taa yake ulinzi dhidi ya kuungua.

Waya wenyewe uwe wa milimita za mraba 0.75, wa nyuzinyuzi laini, wenye maganda mawili. Kabla ya kulipa, omba ukwangue ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, iache hapohapo dukani. Wakati wa kumenya ganda usikate nyuzi hata moja. Zisokote, zizungushe skrubu kwa upande inakokazia, na pasibaki unywele nje.

Ukimaliza, usikimbilie soketi. Chukua betri mbili za tochi, balbu yake ndogo na vipande viwili vya waya. Toa balbu ya taa, washa swichi ya taa, kisha pima: mguu wa moto na kile kidole cha katikati, tochi iwake, mguu wa ethi na mwili wa taa, iwake. Mguu wa moto na mwili wa taa, isiwake kabisa. Moto na nyutro, isiwake. Jibu moja likienda kombo, fungua upya. Kipimo hiki hakioni kila kuvuja, fundi ana kifaa chake kinachoona zaidi, lakini kinakamata makosa makubwa ya mikono.

Na mtu akinaswa, asishikwe. Izimwe meni swichi kwanza. Kama haifikiki, mti mkavu wa kumsukumia, si fimbo mbichi wala bua la mgomba lililojaa maji.

Kazi ya mwenye nyumba inaishia kwenye plagi. Soketi, swichi za ukutani na kiboksi cha UMETA si vyake kufungua, hata kama taa ameifunga vizuri namna gani.

Yapo ya kufanywa bila kusubiri bajeti ya mtu. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari. Shule zetu ziweke mezani plagi halisi na taa mbovu, kila mwanafunzi aifungue na kuifunga mwenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji umwombe fundi mwenye leseni nusu saa aonyeshe mbele ya watu. Na ninyi wenye maduka ya vifaa vya umeme Tukuyu mjini, leteni fyuzi za ampea 3, ziwekeni mbele ya kaunta pamoja na plagi, na mteja akisema anatengeneza taa, mpeni hiyo, si ya 13.