Leseni ya bastola si cheti cha utakatifu

Watetezi wa raia kujihami kwa bunduki wana hoja moja wasiyochoka kuirudia: kwamba wenye leseni hutiwa hatiani mara chache kuliko raia wengine. Hoja hiyo ina mizizi Marekani. Jimbo la Texas lilipitisha mwaka 1995 sheria ya kuwaruhusu raia kubeba bastola zilizofichwa, na idara yake ya usalama imekuwa ikichapisha hesabu za hukumu, ambazo wenye leseni huonekana humo kwa uchache mno.

Hesabu hizo hazina uongo. Kasoro imo katika mizani. Mwenye leseni amekwisha kuchujwa, kwani aliyepatikana na hatia ya kosa zito hapewi. Kumlinganisha na umma mzima, wafungwa wa zamani wakiwemo, ni sawa na kumsifu mwalimu kwa kufaulisha wanafunzi aliowachagua baada ya mtihani.

Nchini mwetu, shirika la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba raia walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000. Kwa hiyo muuza mboga wa Kawangware anayeporwa alfajiri akielekea Marikiti ana kila sababu ya kuogopa bunduki isiyo na leseni kwanza. Hapo watetezi hao wana haki.

Lakini hebu tuende Kilimani, katika eneo bunge lilo hilo la Dagoretti Kaskazini. Januari 2020, mcheza santuri alipigwa risasi ndani ya kilabu na akabaki na ulemavu. Babu Owino, wakati huo mbunge wa Embakasi Mashariki, alishtakiwa kwa kujaribu kuua na kwa kufanya fujo akiwa na bunduki. Hakushtakiwa kwa kuimiliki bila leseni. Shtaka la kwanza liliondolewa baada ya pande mbili kuafikiana, na mwaka 2023 mahakama ikamwachilia huru katika la pili. Sibishani na uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba katika jedwali la hukumu, usiku ule ni sufuri, ilhali kijana yule hakurudi kuwa alivyokuwa.

Hukumu, basi, hupima pia uwezo wa wakili na utayari wa mlalamishi kuendelea na kesi. Wenye leseni kwetu aghalabu ni watu wenye mali.

Desemba 2018 serikali iliwaamuru wote wenye leseni wajitokeze wahakikiwe upya. Ilikuwa hatua njema, ila mwananchi anahitaji zaidi ya foleni ya uhakiki. Bodi ya Leseni za Bunduki haina budi kuchapisha kila mwaka idadi ya leseni zilizofutwa na sababu zake, bunduki halali zilizofyatuliwa vilabuni na barabarani, na zilizopotea au kuibwa. Kisha wamiliki walinganishwe na Wakenya wa umri na kipato kama chao, wenye rekodi safi na wasio na bastola kiunoni.