Saadani Isiwe Ranchi ya Pili

Nchi yetu ina hifadhi nyingi za wanyama, na kila moja ina sifa yake. Serengeti husifiwa kwa misafara ya nyumbu, Kilimanjaro kwa theluji yake, Gombe kwa sokwe. Lakini iko moja ambayo mgeni akisimuliwa habari zake hudhani anafanyiwa mzaha: hifadhi ambayo tembo mara nyingine hushuka hata ufukweni, na ambayo nyika yake hukoma pale mawimbi ya Bahari ya Hindi yanapoanza. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyo baina ya Bagamoyo na Pangani. Twaiandika kwa sababu wananchi wengi huijua kwa jina tu, na kwa sababu historia ya ardhi ile ina fundisho ambalo haifai lipotee.

Kwanza yafaa tuondoe fikira kwamba Saadani ilikuwa pori tupu lisilo na wenyewe. Katika karne ya 19 Saadani ulikuwa mji wa bandari. Misafara kutoka bara ilifika pale na pembe za ndovu na sandarusi, na majahazi yakavuka kwenda Unguja. Mji huo ulikuwa na kiongozi wake, Bwana Heri bin Juma, ambaye Wajerumani walipokuja kuitwaa pwani hakukubali kuinamisha kichwa. Mwaka 1889 waliushambulia mji wake; naye akaingia bara, akajenga maboma ya miti, akapigana nao mpaka mwaka 1890. Kwa hiyo mtu anayekanyaga mchanga wa Saadani akanyaga mahali penye jina katika historia ya taifa hili, wala si mahali pa kutazama wanyama tu.

Ukafika wakati wa mkonge. Kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba makubwa katika jimbo la Tanga, ilikuwa na maelfu ya vibarua wa kulisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaanzisha ranchi ya ng'ombe huko Mkwaja, upande wa kaskazini wa hifadhi ya leo, ili nyama ipatikane kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba hayo. Ranchi ile ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400, na katika miaka ya neema ilikuwa na ng'ombe zaidi ya 10,000, wengi wao wa aina ya Boran. Kwa macho ya wakati ule hayo yalikuwa maendeleo makubwa.

Lakini ardhi ile ilikuwa na mwenyewe mwingine, mdogo kwa umbo na mkubwa kwa madhara: mbung'o. Mdudu huyo huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, unaowakondesha na kuwaua. Ng'ombe wa Mkwaja hawakuweza kuishi pasipo sindano za dawa za kinga, zikirudiwa tena na tena, mwaka hata mwaka. Vichaka vilikatwa, majani yakachomwa moto, lakini migunga ikarudi na kusongamana kuliko kwanza. Ranchi ilidumu karibu nusu karne, na wataalamu wa mifugo walijifunza mengi pale; lakini mwaka 2000 ilifungwa. Fundisho ni wazi. Mtu aweza kushindana na ardhi kwa fedha na kwa dawa, na hata kushinda kwa muda. Lakini siku fedha zikipungua, ardhi hurejea katika tabia yake.

Jirani na ranchi hiyo, upande wa kusini, Serikali ilikuwa imetenga Pori la Akiba la Saadani katika miaka ya 1960. Baada ya ng'ombe kuondoka, ardhi ya Mkwaja iliunganishwa na pori hilo pamoja na msitu wa Zaraninge, na mwaka 2005 yote yakatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,100 hivi. Hata hivyo ardhi haiponi kwa saini. Wataalamu waliochunguza Mkwaja baada ya ng'ombe kuondoka walikuta migunga imetanda mahali palipokuwa malisho, na udongo wa mazizi ya zamani ukiwa na rutuba kuliko wa nyika inayouzunguka, kwa sababu ng'ombe walikula mbali na kulala pale. Alama za miaka hamsini hazifutiki kwa miaka mitano.

Leo mwenye kufika Saadani hupata burudani ambazo ni nadra kukutana mahali pamoja. Aweza kupanda mashua katika mto Wami akawatazama viboko na mamba. Akatembea nyikani na askari wa hifadhi akaona twiga, kuro, kongoni na ngiri. Akaingia Zaraninge akawaona mbega juu ya miti. Na jioni akaoga baharini. Katika ufuko wa Madete kasa hupanda usiku kutaga mayai. Na haya yote hayako mwisho wa dunia: ukilinganisha na mbuga za kaskazini, Saadani ni jirani ya Dar es Salaam na Tanga.

Basi twauliza: burudani hiyo ni ya nani? Ranchi ya Mkwaja ilikuwa katika ardhi ya nchi hii, lakini mkaaji wa Mkwaja hakuwa na sauti juu yake. Itakuwa hasara kubwa ikiwa hifadhi nayo itakuwa hivyo hivyo machoni pake: mali iliyo mlangoni kwake, ambayo yeye huiona kwa mbali, na ambayo matunda yake huliwa na mgeni. Hifadhi ikifika hapo itakuwa imebadili jina tu. Badala ya ng'ombe wamewekwa tembo.

Hatusemi haya kwa kubuni hofu. Baada ya mwaka 2005 wakazi wa Uvinje, sehemu ya kijiji cha Saadani, waliingia katika mgogoro wa miaka mingi na mamlaka ya hifadhi juu ya mpaka. Wao walisema ya kuwa walikuwapo kabla ya pori la akiba, na kwamba ardhi yao imemezwa na ramani. Sisi si mahakama, wala hatutaki kutoa hukumu hapa. Lakini twajua jambo moja: mpaka ambao jirani haukubali hulindwa kwa bunduki, na mpaka ambao jirani ameukubali hulindwa na jirani mwenyewe. Kati ya ulinzi huo wa aina mbili, wa pili ni rahisi zaidi na hudumu zaidi.

Wako watakaosema kwamba wanyama wanataka utulivu, na kwamba fedha za wageni ndizo zinazolipa mishahara ya askari wa wanyama. Maneno hayo ni ya kweli, na hapana budi yasikilizwe. Mwananchi tayari hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na hilo ni jema. Lakini kiingilio peke yake hakimfikishi mtoto wa Pangani katika mto Wami. Anahitaji gari, anahitaji mwalimu aliyejiandaa, na anahitaji mahali pa kulala pasipo bei ya hoteli.

Kwa hiyo twatoa shauri. Shule za Bagamoyo, Chalinze na Pangani ziwekewe siku zao katika hifadhi kila mwaka, na zisaidiwe usafiri. Historia ya Bwana Heri na ya ranchi ya Mkwaja ielezwe kwa Kiswahili pale pale mambo yalipotokea, ili mgeni na mwenyeji wajue kwamba watu nao wamo katika hadithi ya nyika hii. Vijana wa vijiji vya jirani wapewe nafasi ya kwanza katika kazi za uongozaji na mashua. Na masuala ya mipaka yamalizwe kwa mazungumzo, wazee wakiwapo na ramani zikiwa wazi mezani.

Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo inaleta lami katika sehemu ambazo zamani mvua ilizifunga. Lami italeta watalii, nayo italeta pia wanunuzi wa viwanja, wachoma mkaa na magari ya mbio yasiyojali mnyama wala mtoto. Mambo haya yapangwe mapema, kwa maana baada ya viwanja kuuzwa, majuto huwa mjukuu.

Ranchi ilishindwa kwa kuwa haikupatana na ardhi. Hifadhi haitafaulu isipopatana na watu. Wananchi nao wasingoje kualikwa: waende Saadani, waijue, waidai kuwa yao, na wakishaidai waitunze.