Chanjo ya Marburg: Kagera isisubiri mlipuko wa tatu

KATIKA muda usiofika miaka miwili, Mkoa wa Kagera ulikumbwa mara mbili na Marburg, ugonjwa ambao hadi sasa haujapata chanjo iliyoidhinishwa.

Mlipuko wa kwanza ulitangazwa Machi 21, 2023 wilayani Bukoba. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mgonjwa wa kwanza anadhaniwa kuwa alitokea kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, akaanza kuugua baada ya kufika kijijini kwake. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Juni 2, watu tisa walikuwa wameugua na sita kati yao walifariki dunia, akiwamo mhudumu wa afya. Wa pili ulitangazwa Januari 20, 2025, kitovu chake kikiwa Biharamulo. Wagonjwa wote 10 waliohesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, walipoteza maisha.

Je, sayansi imeshindwa? La hasha. Kirusi cha Marburg kina protini inayojitokeza juu ya gamba lake, ambayo hukitumikia kama ufunguo wa kuingilia seli za binadamu. Watafiti huchukua maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo pekee na kuyapandikiza katika kirusi cha sokwe kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Mwili huitambua protini hiyo na kujijengea kinga, na aliyechanjwa hawezi kuugua Marburg kutokana na chanjo, kwani kirusi chenyewe hakimo.

Protini ya aina hiyo, ikibebwa na kirusi kingine, ndiyo iliyozaa chanjo ya Ebola iliyojaribiwa Guinea mwaka 2015 na kuidhinishwa mwaka 2019. Chanjo hiyo haiwezi kutegemewa kwa Marburg, kwa sababu ufunguo ni mwingine.

Kikwazo cha kwanza ni soko. Marburg imejulikana tangu mwaka 1967, lakini wanaougua ni wachache, na wengi wao ni maskini. Hata nchini Marekani, chanjo ya ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe, iliyotengenezwa kwa protini ya gamba la bakteria, iliidhinishwa mwaka 1998 na kuondolewa sokoni mwaka 2002 baada ya mauzo kushuka.

Kikwazo cha pili ni muda. Mlipuko wa Bukoba ulidumu wiki chache tu, nao ulizimwa kwa kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliokutana nao. Jaribio linaloanza kuombewa vibali baada ya mtu wa kwanza kufa hukuta mlipuko umekwisha.

Rwanda imeonyesha kuwa kasi inawezekana. Ilitangaza mlipuko Septemba 27, 2024. Oktoba 5 ilipokea dozi 700 za majaribio kutoka Taasisi ya Sabin ya Marekani, na kesho yake ikaanza kuwachanja wahudumu wa afya. Kati ya wagonjwa 66, waliofariki ni 15. Si haki kuipa chanjo sifa yote, kwani dawa na uangalizi wa karibu pia vilitumika. Funzo lililo wazi ni utayari.

Popo wanaohifadhi kirusi hicho hawajahama ukanda huu. Kwa hiyo mpango wa majaribio, vibali vya kitaifa, majokofu na orodha ya watakaochanjwa kwanza, wakianza wauguzi wa zahanati za Bukoba na Muleba, vinapaswa kukamilishwa sasa, wakati wodi hazina mgonjwa.